Nimefungasha Pacemaker na libqb yake ndani, mbona inakreshi?

"Habari mtaalamu. Tuna distro ndogo ya Linux tunaijenga na wenzangu, inatumia RPM, na mimi nimepewa kazi ya kuingiza Pacemaker. Distro tayari ina corosync 3.0 na libqb 1.0.5. Nikaona libqb hiyo ni ya zamani, nikachukua libqb 2 nikaiweka ndani ya pakeji ya Pacemaker kwenye /usr/lib64/pacemaker/private, nikaweka RPATH, nikijua hapo nimejitenga kabisa na mambo ya pakeji nyingine. Kwenye laptop yangu inabildi vizuri. Kwenye mashine safi inainstoliwa bila kulalamika ila pacemaker-controld inakufa na segfault kila ikijaribu kuongea na corosync. Afu mwenzetu mmoja anasema hata ikiwaka bado pakeji haijakamilika, eti kuna dependensi ambazo ldd haizioni. Anamaanisha nini? Na hii kazi inaokoleka au nianze upya?"

Pole ndugu yangu, na usitupe hiyo kazi, inaokoleka. Kwa msomaji mgeni: Pacemaker ni programu inayosimamia klasta, yaani mashine (nodi) kadhaa zinazoshirikiana ili moja ikianguka nyingine ichukue kazi; corosync ndo inayopitisha ujumbe kati ya nodi hizo, na libqb ni laibrari ambayo zote mbili zinaitumia. Una maswali mawili hapo japo umeyaandika kama moja. La kwanza ni kwa nini inakufa, hilo lina jibu fupi na tutalimaliza hapa hapa. La pili ni hilo la mwenzako, na mwenzako yuko sahihi, tena hilo ndo kubwa zaidi kwa sababu kreshi unaiona leo, lakini dependensi isiyoonekana inasubiri mpaka nodi ianguke kweli ndo ijitokeze.

Tuanze na kreshi. Kwa jinsi ulivyoeleza, nina uhakika mkubwa kwamba ndani ya prosesi moja una libqb mbili. Usiniamini kwa mdomo, piga hii kwenye ile mashine safi (ldd inaonyesha laibrari ambazo programu inazihitaji):

ldd /usr/libexec/pacemaker/pacemaker-controld | grep libqb

Kama ndivyo ninavyodhani utaona mistari miwili, mmoja libqb.so.100 inayotoka kwenye foda yako ya private, na mwingine libqb.so.0 inayotoka /usr/lib64. Utajiuliza hiyo ya pili imetoka wapi wakati we hukuilinka. Imeletwa na corosync. Pacemaker haiongei na corosync kwa miujiza, inatumia laibrari za corosync zenyewe, yaani libcpg, libcmap, libquorum na wenzake, na hizo laibrari nazo zinatumia libqb kupitisha ujumbe kwa corosync. Piga readelf -d /usr/lib64/libcpg.so.4 | grep NEEDED utaiona libqb.so.0 imekaa pale, kwa sababu corosync ya distro yenu ilibildiwa na libqb 1.0.5.

Sasa ukumbuke libqb ilipotoka vesheni 1 kwenda 2 ilibadilisha soname, yaani jina ambalo programu zinalitumia kuitafuta laibrari, kutoka libqb.so.0 ikaruka hadi libqb.so.100. Soname ni ahadi: ikiwa ile ile maana yake programu iliyobildiwa jana itaendelea kufanya kazi leo, ikibadilika maana yake wenyewe wanakwambia ahadi ya zamani imevunjwa, bildi upya. Kwa macho ya lodi ya Linux (anayezipakia laibrari programu ikianza), libqb.so.0 na libqb.so.100 ni laibrari mbili tofauti kabisa, kwa hiyo anazilodi zote mbili bila kusita. Lakini majina ya fankisheni ndani yake ni yale yale. Kuna qb_ipcc_connect huku na qb_ipcc_connect kule. Na kwenye Linux, kama alama hazijawekewa toleo, majina yote ya prosesi yanatafutwa kwenye orodha moja, anayepatikana kwanza ndo anatumika kwa wote. Ni kama chumba chenye Juma wawili, ukiita "Juma!" anaitika aliyekaa karibu na mlango hata kama ulimtaka yule mwingine. Basi libcpg inaita libqb yake ya zamani, anaitika mpya, anapewa kumbukumbu iliyopangwa kwa mpangilio wa zamani, anaisoma vibaya, segfault.

Hapo ndo RPATH inapowadanganya watu wengi. RPATH inamwambia lodi atafute faili wapi. Haimwambii nani aitumie. Ukishailodi ndani ya prosesi, hakuna ukuta kati yako na libcpg. Kwa hiyo wazo la "nimejitenga" lingekuwa sawa kama Pacemaker ingekuwa peke yake juu ya libqb, ila hapa mnashirikiana laibrari moja na jirani ambaye mnakaa naye kwenye prosesi moja. Na tusichanganye, libqb.so.0 na libqb.so.100 zinaweza kukaa kwenye diski moja kwa amani kabisa, distro zinafanya hivyo wakati wa kuhama. Tatizo ni kukutana kwenye prosesi moja.

Kuna jambo lingine hujaliuliza ila nalitaja kwa sababu litawaumiza wengine. RPM ikijenga pakeji inakagua kila laibrari iliyomo na kutangaza yenyewe kwamba pakeji hii inatoa kitu fulani. Kwa hiyo pakeji yako sasa hivi inatangazia distro nzima kwamba inatoa libqb.so.100, hata kama faili limefichwa kwenye foda ambayo hakuna mwingine anaitazama. Piga rpm -q --provides pacemaker uone. Kesho mtu analeta programu inayohitaji libqb.so.100, dnf inaridhika kwa sababu Pacemaker ipo, programu ikiwaka haipati laibrari. Na ndo maana kwako ilijiinstoli bila kulalamika, pakeji ilijitosheleza kwenye makaratasi. Ukiwahi kulazimika kweli kufungasha laibrari ya ndani, lazima uichuje kwa __provides_exclude_from, pamoja na ile ya upande wa requires, na uandike bundled(libqb) na vesheni yake ili siku likitokea tundu la usalama mtu ajue wapi pa kuziba. Fedora toka 2015 wanaruhusu kufungasha kwa ndani kwa sharti hilo, Debian kwenye polisi yao sehemu ya 4.13 wanasema msifanye. Kwa Pacemaker mimi niko upande wa Debian moja kwa moja.

Sasa njia za kutoka. Kabla ya yote jiulize, hivi ulihitaji libqb 2? Fungua faili la INSTALL.md lililopo kwenye sosi ya Pacemaker yenyewe, kuna jedwali la vesheni za chini kabisa. Pacemaker za mfululizo wa 2.0 na 2.1 zinakubali hata libqb ya zamani kuliko 1.0.5, na corosync kuanzia 2.0. Maana yake 1.0.5 uliyokuwa nayo ilikuwa inatosha. Watu wengi wanaokuja kwenye ufungashaji kutoka kwenye kuandika programu wana hiyo tabia ya kushika kilicho kipya kabisa cha kila kitu, naielewa, lakini kwenye distro swali ni "kipi kinakubaliana na vilivyopo", upya unakuja baadaye.

Kwa hiyo njia nyepesi: futa libqb ya ndani, futa RPATH, weka BuildRequires (mstari wa spec file, faili la maelekezo ya kujenga pakeji, unaotaja vinavyohitajika kubildi) ya libqb-devel na corosynclib-devel za distro (kwenu zinaweza kuwa na jina jingine kidogo), bildi upya, kreshi inaisha. Kama toleo lenu linatoka karibuni, fanya hivi.

Njia ya pili ni kuhamisha mnyororo mzima kwenda libqb 2. Hii ni kazi zaidi lakini kama distro mtaitunza miaka kadhaa mi ningeishauri, isipokuwa sio wiki ya mwisho kabla ya kutoa toleo. Mpangilio ni libqb kwanza, kisha kronosnet, kisha corosync, kisha Pacemaker, ndo zifuate vyombo vingine vya klasta, yaani sbd, booth, na juu kabisa pcs au crmsh. Kila kinachotegemea libqb kinabildiwa upya, vyote vinaingia kwenye ripo kwa pamoja, sio kimoja leo kingine wiki ijayo, maana katikati hapo mtumiaji atapata hali ile ile ya Juma wawili kwa kuapudeti tu.

Njia ya tatu, kuweka kila kitu kwenye kontena au kulinka kwa statiki, naiheshimu kwa programu nyingine ila sio hapa. Pacemaker kazi yake ni kuwasha na kuzima sevisi za mashine, kumaunti diski, kuhamisha anwani za IP, kuzima mashine nyingine. Inahitaji kuigusa mashine yenyewe. Ukiifungia ndani utatumia muda mwingi kutoboa matundu kuliko ambao ungeutumia kufungasha vizuri.

Haya, twende kwa la mwenzako. ldd inaona kile tu ambacho faili limeandika kwamba linakihitaji. Kuna vitu vingi kwenye hii familia havijaandikwa popote.

Cha kwanza kipo hata kabla ya ldd, kwenye configure. Pacemaker ikijengwa inachungulia mashine, ikikuta hedafaili za corosync inaweka sapoti ya corosync, isipozikuta na hukuiambia kitu inaweza kuendelea bila hiyo sapoti na bildi ikapita safi kabisa. Laptop yako ina kila kitu ulichowahi kuinstoli toka unaanza, kwa hiyo "inabildi kwangu" haina uzito. Bildi ndani ya mock ambayo inaanza na chroot tupu na kuweka tu ulivyovitaja, na kila kipengele unachokitaka kitaje waziwazi, kama --with-corosync, ili kikikosekana bildi ife pale pale. Ukimaliza piga pacemakerd --features usome mstari wa vipengele, corosync iwepo.

Cha pili ni vitu vinavyolodiwa wakati programu inatembea. Kronosnet, hii ndo inabeba mtandao wa corosync 3, haijilinki na nss wala openssl moja kwa moja. Usimbaji na ubanaji wa data vimewekwa kwenye plagini ndogo ndogo, faili kama crypto_nss.so ndani ya /usr/lib64/kronosnet, na inaita dlopen pale tu konfigi inapodai. Fedora wamezigawa kila plagini na pakeji yake, na kuna moja ya kuzibeba zote. Kwa hiyo unaweza kuwa na corosync inawaka vizuri kwenye jaribio lako lisilo na usimbaji, afu msimamizi anaweka crypto_cipher: aes256 kwenye corosync.conf kama inavyotakiwa, inagoma kuwaka. Ukikuta kwenu zimegawanywa hivyo, corosync iwe na Requires ya plagini ya usimbaji, usiiache iwe ya hiari.

Cha tatu ndo kinachoniumiza roho zaidi, ma-ejenti, yaani programu ndogo ambazo Pacemaker inaziita kuendesha sevisi au kuzima nodi. Resource-agents ni skripti za shell kwa sehemu kubwa, zinakaa /usr/lib/ocf/resource.d/heartbeat, na fence-agents ni Python. RPM haisomi ndani ya skripti ya shell kujua inaita amri gani. Chukua fence_ipmilan, ejenti wa kuzima seva kupitia IPMI, njia ya kuidhibiti seva kwa mbali. Yeye mwenyewe hazungumzi IPMI, anaita ipmitool. Pakeji yako isipodai ipmitool, kila kitu kitainstoliwa, klasta itawaka, rasilimali zitakuwa za kijani, watu watapiga makofi. Siku nodi moja inapotea kwenye mtandao, Pacemaker inataka kuizima kwanza kabla ya kuwasha database upande wa pili, kwa sababu haijui kama ile nodi imekufa kweli au imepoteza tu waya na bado inaandika kwenye diski ya pamoja. Inaita fence_ipmilan, ipmitool hakuna, inashindwa, inajaribu tena, inashindwa. Na inafanya jambo sahihi kabisa, inakataa kuwasha database. Sevisi iko chini, nodi nzima ipo, na sababu ni mstari mmoja wa Requires ambao hukuuandika.

Mbaya zaidi, mtu aliyeamshwa usiku ule atatafuta njia ya mkato na kuweka stonith-enabled=false (yaani kuiambia Pacemaker isizime nodi kabla ya kuendelea), database itawaka nodi mbili kwa wakati mmoja, data itaharibika. Nakuomba sana ulichukulie hili kwa uzito, ufungashaji wako ndo unaamua kama yule mtu atafikishwa hapo au la.

Kwa hiyo fence-agents usifanye pakeji moja nene. Igawe, kila ejenti na pakeji yake na dependensi zake, fence-agents-ipmilan idai ipmitool, za kwenye Python zidai pexpect au pycurl kulingana na zinavyoimport, na mtu anayetaka zote aweke fence-agents-all. Kwa resource-agents kuigawa hivyo ni ngumu kwa sababu ni nyingi na kila moja inaita kitu chake, huwezi kudai PostgreSQL na Apache kwa kila mtu. Pale dai vile vya msingi ambavyo ejenti wengi wanavitumia, mfano iproute kwa IPaddr2, na vingine waachie wenye hizo sevisi. Hiyo ni hukumu yako kama mtunzaji, hakuna chombo kitakuamulia.

Kwenye spec file kuna mambo mawili madogo nataka uyaangalie. Moja ni mtumiaji hacluster na grupu haclient, waundwe kabla faili hazijawekwa, maana pacemaker-based inatembea kama hacluster na lazima iweze kuandika kwenye /var/lib/pacemaker/cib. Fedora wamewatengea namba 189 wote wawili. Jingine ni kuwasha. Pakeji isiwashe corosync wala Pacemaker yenyewe ikishainstoliwa, konfigi bado haijaandikwa, na ikiwaka na konfigi ya mfano unaweza kubakiwa na nodi ya jina la mfano ndani ya CIB (hifadhi ya konfigi ya klasta) ambayo haipo duniani. Na kwenye apudeti tumia %systemd_postun, usitumie ile ya with_restart. Kuristati corosync katikati ya dnf update ni kuitoa nodi kwenye klasta bila msimamizi kuamua, na kama mashine zote zinaapudeti saa moja, kworamu, yaani idadi ya nodi inayotosha klasta kufanya uamuzi, inaondoka. Mwache msimamizi aiweke nodi standby kwanza, afanye kazi yake kwa mpangilio.

Najua kuna sauti inasema haya yote ni makubwa kwa distro ndogo. Hata distro kubwa mnyororo huu umewahi kuwashinda. Debian 8 ilitoka Aprili 2015 bila Pacemaker ndani, vipande havikuwa tayari kwa wakati, wenye klasta wakasubiri mpaka 2016 ikarudi kupitia backports. Na Proxmox VE walipohama kwenda vesheni 6 mwaka 2019, walilazimika kuwaambia watumiaji waapudeti corosync kwenda 3 kwenye nodi zote kwanza wakiwa bado kwenye mfumo wa zamani, ndo waendelee na mengine, kwa sababu nodi ya corosync 2 haielewi knet (yaani kronosnet) na hazisikilizani. Hilo la pili liandike kwenye maelezo ya toleo lenu kama mna watumiaji wowote wanaotoka corosync 2. Pakeji inaweza kuwa sahihi kabisa na bado ikaivunja klasta ya mtu kwa kuwa nodi moja imetangulia.

Kujaribu, usiishie kwenye "imewaka". Chukua mashine pepe tatu, zisizo na chochote zaidi ya pakeji zako, jenga klasta yenye usimbaji, weka ejenti wa kuzima anayefaa mashine pepe kama fence_xvm au fence_virsh, weka rasilimali moja ya IPaddr2, afu piga stonith_admin --reboot kwa nodi moja uone kama kweli inaristati na anwani inahama. Baadaye ikatie nodi mtandao bila kuaga. Hizi mbili zikipita na ulibildi kwenye mock, niko radhi kusema pakeji yako ipo tayari kwa watu.

Mahali ambapo nisingetaka uende peke yako ni hapa: kama tayari kuna mtu ameiinstoli pakeji yako ya sasa kwenye seva zenye data ya kweli, hasa klasta ya nodi mbili yenye diski ya pamoja. Usimtumie apudeti akajaribu. Hapo mnahitaji mtu anayeijua klasta ile, akae na nyinyi mbele ya mashine, azime rasilimali kwa mpangilio, achukue nakala ya CIB na ya data, athibitishe kuzima nodi kwa umeme kunafanya kazi, ndo pakeji zibadilishwe. Na kwa upande wa spec, kabla hujaanza kuhamisha mnyororo kwenda libqb 2, zungumza na yeyote anayetunza corosync kwenye distro yenu, maana yeye ndo atalazimika kubildi upya siku ile ile na wewe. Kama hayupo na corosync haina mwenyewe, basi kubali kwamba umepewa pakeji kadhaa na sio moja, na uwaambie wenzako mapema wakupe mtu wa pili.